Appalachia: Njia Ndefu na Mikono Inayoitunza

Mji wa Harpers Ferry, katika jimbo la West Virginia, umekaa kwenye ncha ya ardhi pale mto Shenandoah unapojimwaga katika mto Potomac. Mito yote miwili ni mipana, imejaa miamba, na mvumo wake unakufuata hata ukiupanda mlima. Nyuma ya kanisa la mawe la Mtakatifu Petro kuna njia inayopanda hadi kwenye bamba kubwa la jiwe lililoegemezwa juu ya nguzo nne fupi. Thomas Jefferson alisimama hapo mwaka 1783, na baadaye akaandika kwamba kuyaona mandhari yale ni sababu tosha ya mtu kuivuka Atlantiki. Nimeivuka Atlantiki, nimesimama pale asubuhi ukungu ukipanda kutoka mtoni, na nathibitisha kwamba alisema kweli. Milima imepasuka kuyapisha maji. Misitu ya mialoni inashuka mpaka ukingoni. Treni ya mizigo inachomoza kutoka tundu la mlimani upande wa Maryland, inavuka daraja, na sauti yake inalizunguka bonde zima kabla ya kupotea.

Karibu na hapo kuna mstari wa rangi nyeupe, upana wake sentimita 5, urefu wake sentimita 15. Hauna maandishi yoyote. Ukiifuata mistari ya namna hiyo kuelekea kusini utafika Springer Mountain, jimbo la Georgia. Ukiifuata kuelekea kaskazini utavuka Potomac kwa daraja la waendao kwa miguu lililoshikizwa ubavuni mwa reli, na ukiwa na miezi ya kutosha utafika kilele cha Katahdin, jimbo la Maine. Kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ni zaidi ya kilomita 3,500, katika majimbo 14. Hiyo ndiyo Njia ya Appalachia, na alama ile nyeupe imepakwa kwa brashi, mti baada ya mti, na watu ambao hawakulipwa hata senti.

Jambo hilo ndilo lililonileta. Nimezaliwa Usambara, ambako njia ya kijiji haingoji mkandarasi. Masika yakiibomoa, mbiu ya msaragambo inapigwa, na kila kaya inatoa mtu na jembe lake. Kaya isiyoitwa huona imetengwa, na aliyetengwa hana sababu ya kuihurumia njia. Niliposikia kwamba katika nchi tajiri kama Marekani kuna njia ya kilomita 3,500 inayotunzwa kwa kujitolea, nilitaka kuiona kwa macho yangu. Nilitaka pia kujua ni kaya zipi zinazoitwa.

Wazo la njia hii lilitolewa na Benton MacKaye, mtaalamu wa misitu, katika makala aliyoichapisha mwezi Oktoba 1921. Ulikuwa mwaka mzito kwake, kwani mkewe, mwanaharakati wa haki ya wanawake kupiga kura, alikuwa amefariki miezi michache kabla. MacKaye hakuwaza njia ya miguu peke yake. Alimwona mfanyakazi wa kiwandani, aliyechoshwa na moshi wa miji ya pwani ya mashariki, akipanda milimani kupumua, kulima katika mashamba ya ushirika na kulala katika kambi ambazo yeye na wenzake wangeziendesha wenyewe. Kambi na mashamba hayo havikutokea. Kilichotokea ni njia, na hilo lilitokana kwa sehemu kubwa na Myron Avery, mwanasheria asiyejua kuchoka, aliyewakusanya watu, akaunda vilabu, na kuipima njia kwa gurudumu alilolisukuma mbele yake mlima hadi mlima. Wawili hao waligombana vikali kuhusu barabara ya magari iliyokuwa ikikatwa juu ya milima ya Virginia: MacKaye aliipinga, Avery aliikubali. Lakini mwezi Agosti 1937 kipande cha mwisho kilikatwa katika misitu ya Maine, na njia ikaungana.

Mwaka 1968 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya njia za taifa, na Appalachia ikawa mojawapo ya njia mbili za kwanza kupewa hadhi hiyo. Kuanzia mwaka 1978 serikali iliongeza nguvu ya kununua ardhi ili njia isiendelee kusukumwa barabarani na wenye mashamba, wajenzi wa nyumba na viwanda. Kisha mwaka 1984 ikafanya jambo ambalo nchi nyingi zingeliogopa: ilikabidhi kazi ya kuitunza njia kwa shirika la raia lililoanzishwa mwaka 1925, ambalo makao yake yako Harpers Ferry. Chini ya shirika hilo kuna vilabu takriban 30, na kila klabu ina kipande chake. Klabu ya Potomac, iliyoanzishwa mwaka 1927, inahudumia karibu kilomita 390 kutoka Pennsylvania hadi katikati ya Virginia. Ndani ya klabu, kipande hugawanywa tena mpaka mtu mmoja, au mtu na mwenzi wake, wanabaki na kilomita chache ambazo ni zao kuzilinda. Si mali yao, lakini wanazijua kama mtu ajuavyo kitalu chake.

Nilijiunga na kikundi kimoja cha kazi katika hifadhi ya taifa ya Shenandoah. Aliyenifundisha alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke mwenye nywele nyeupe na mikono migumu, aliyekuwa akikitunza kipande chake tangu wanawe wakiwa wadogo. Somo la kwanza lilikuwa maji. Adui wa njia si miguu ya watu, ni maji yanayoiona njia kama mfereji ulioandaliwa kwa ajili yake. Kwa hiyo kila baada ya hatua kadhaa huwekwa makinga maji, gogo au safu ya mawe iliyolazwa kimshazari, ili mvua itoke njiani iingie msituni kabla haijapata kasi. Makinga maji yakijaa majani hayafai kitu, na majani hudondoka kila mwaka. Kazi yetu ilikuwa kuyazibua kwa jembe, kukata matawi yaliyoegemea njia, na kuviringisha mawe yaliyoteleza. Katika maeneo ambako sheria ya mwaka 1964 ya nyika inakataza mashine, mti ulioanguka hukatwa kwa msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja akivuta, mwingine akiachia. Si kazi ya mtu mmoja.

Na mahali penyewe panastahili jasho hilo. Shenandoah ni uti wa mgongo wa milima ya kale, isiyo na theluji ya kudumu wala vilele vya kutisha. Uzuri wake ni wa taratibu. Asubuhi tabaka za milima zinafuatana hadi upeo, ya kwanza kijani kibichi, ya nyuma yake buluu, ya mwisho kijivu isiyotofautishika na anga. Chini ya miti makangaga yanafunika ardhi kwa kilomita na kilomita. Kulungu wenye mikia myeupe wanakula kando ya njia bila wasiwasi, na dubu weusi wanavunja matawi kutafuta matunda. Majani yanapoanza kugeuka rangi mwezi Oktoba, mlima mzima unakuwa wa manjano na wekundu, na watu wanaendesha magari kutoka mbali kuja kutazama tu. Kipo pia kilichopotea. Msitu huu zamani ulitawaliwa na miti ya chesnati iliyowalisha watu na wanyama. Ugonjwa wa ukungu ulioonekana New York mwaka 1904 uliiua katika safu nzima ya Appalachia, takriban miti bilioni nne, katika muda wa miaka isiyozidi hamsini. Machipukizi yake bado yanatoka kwenye mizizi ya zamani, yanafikia urefu wa mtu, kisha yanakauka.

Kando ya njia utaona pia mabomba ya moshi ya mawe yaliyosimama bila nyumba, na makaburi madogo yenye mawe yasiyochongwa majina. Hifadhi hii haikuanzishwa mahali patupu. Ili kuiunda mwaka 1935, jimbo la Virginia lilitwaa ardhi kwa nguvu ya sheria, na takriban familia 500 zilizokuwa zikiishi milimani zikahamishwa. Wazee wachache waliruhusiwa kumalizia maisha yao humo, na wa mwisho alifariki mwaka 1979. Wajukuu wa familia hizo bado wanaishi mabondeni, na wengi wao walikua wakisikia jina la hifadhi likitamkwa nyumbani kwa uchungu. Anayetaka kujua kwa nini baadhi ya wenyeji hawakimbilii kujitolea kwenye njia, aanzie makaburini hapo.

Halafu kuna Lewis Mountain. Ni sehemu tulivu ya kupiga kambi, ina vyumba vidogo vya mbao na mialoni mirefu, na njia inapita hapo hapo kando. Mwaka 1939 ilifunguliwa kwa ajili ya watu weusi peke yao. Sehemu nyingine za kulala na kula katika hifadhi zilikuwa za Wazungu, na ramani zilionyesha hivyo bila kificho. Familia za Wamarekani weusi kutoka Washington na Richmond zilikuja, zikajaza kambi, zikapika na kuimba, na wakati mwingine Wazungu walitaka kuingia kwa sababu chakula kilisifika kuwa kizuri. Ubaguzi ulilegezwa baada ya Vita Kuu ya Pili, na kufikia mwaka 1950 huduma zote za hifadhi zilikuwa wazi kwa wote. Lakini kufuta kibao hakumwaliki mtu. Mzazi aliyefukuzwa hakumfundisha mwanawe kupenda mahali alipofukuzwa, na mwana hakumfundisha mjukuu. Ndiyo maana hadi leo wanaoitembea njia nzima wengi mno ni Wazungu, ingawa njia inapita karibu na miji yenye watu wa kila asili.

Nilikuwa nimekaa kwenye uwanda wa Big Meadows, katika hifadhi hiyohiyo, nikizungumza kwa simu na ndugu yangu wa Lushoto, mama mmoja mwenye kitenge alipogeuka ghafla aliposikia Kiswahili. Alikuwa amekuja na wanawe na majirani zake, familia za wakimbizi kutoka Kongo waliopewa makazi katika mji ulio chini ya milima hii. Yeye ni mtu wa Uvira. Nilimwamkia shikamoo, akaniuliza watu wa kwetu wako salama, akanikaribisha chai ya chupa. Akatazama milima muda mrefu.

“Mwanangu,” akasema, “ukiondoa hii baridi, ningesema niko Itombwe.”

Nikamuuliza kama huja mara kwa mara. Akaniambia ni mara ya kwanza, ingawa milima anaiona kila siku kutoka dirishani kwake. Hakujua kama wanaruhusiwa. Hakuna aliyewakataza, lakini pia hakuna aliyewaambia karibuni, mpaka kijana mmoja wa kanisani kwao alipoazima basi dogo. Wanawe walikuwa tayari wameiona alama nyeupe na wanabishana nani ataiona ya pili. Nimesoma mengi kuhusu ushirikishwaji wa jamii katika uhifadhi. Sijasoma maelezo yaliyo wazi kuliko ya mama yule.

Njia hii imewahi kufunguliwa zaidi na watu ambao hakuna aliyewatarajia. Mwaka 1955 Emma Gatewood, mwenye umri wa miaka 67, mama wa watoto 11 aliyevumilia miaka mingi ya kipigo cha mume, aliondoka nyumbani Ohio na kuitembea njia yote peke yake. Alivaa raba za kawaida na kubeba mfuko alioushona mwenyewe, na pazia la plastiki la bafuni la kujikinga na mvua. Kabla yake hakuna mwanamke aliyekuwa ameitembea yote peke yake kwa mfululizo, na baadaye aliirudia. Mwaka 1990 Bill Irwin, kipofu, aliitembea yote akiongozwa na mbwa wake Orient, akianguka mara nyingi na kuinuka. Mwaka 2016 Rahawa Haile, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya Eritrea, aliitembea akibeba vitabu vya waandishi weusi, akiviacha katika vibanda vya kulala ili atakayekuja nyuma yake avikute. Kisha akaandika waziwazi jinsi inavyokuwa kwa mwanamke mweusi kupita peke yake katika vijiji vinavyopeperusha bendera ya jeshi lililopigania utumwa. Kila mmoja wao aliipa njia kitu ambacho klabu na sheria hazikuweza kuipa, yaani ushahidi kwamba wengine wa aina yake wanaweza kuja.

Kusini zaidi, kwenye mpaka wa North Carolina na Tennessee, njia inapanda hadi kilele chake kirefu kuliko vyote, mita 2,025 juu ya usawa wa bahari. Ni mlima wa mawingu. Misonobari yake imevaa kuvu na ukoga, hewa inanukia utomvu, na siku ikitakata unaona mabonde ya majimbo kadhaa. Kwa Wacherokee ni mahali patakatifu, na jina lao la mlima huo ni Kuwohi. Mwaka 1859 mtaalamu wa jiografia aliupa jina la seneta Thomas Clingman, aliyekuja kuwa jenerali wa jeshi la Kusini. Wacherokee wengi walikuwa wamefukuzwa kutoka nchi hii mwaka 1838 na kulazimishwa kutembea hadi magharibi, na maelfu walikufa. Waliojificha katika milima hii na kuponea ni miongoni mwa mababu wa Wacherokee wa Mashariki, ambao ardhi yao leo inapakana na hifadhi ya Great Smoky Mountains. Wanajamii hao waliomba jina lao lirudishwe, wakapitisha maazimio, wakazungumza na kaunti jirani, na tarehe 18 Septemba 2024 serikali ya Marekani ikakubali. Mlima unaitwa Kuwohi tena, kwenye ramani za serikali. Kuwashirikisha watu maana yake ni pamoja na kukubali kwamba wao ndio waliokuwa wenyeji kabla ya wewe kuja kuwaalika.

Siku chache tu baadaye, mwishoni mwa Septemba 2024, kimbunga Helene kilipiga sehemu hiyohiyo ya milima. Mito ilipanda kuliko mtu yeyote hai alivyowahi kuiona, miji ya kando ya njia ikajaa matope, mji wa Damascus huko Virginia ukafurika, na miti isiyohesabika ikalala juu ya njia. Mamia ya kilomita hayakupitika. Walioingia na misumeno walikuwa watu wa vilabu, wengine wakiwa na nyumba zao wenyewe zilizoharibika. Mpaka majira ya kuchipua yalipofika, sehemu kubwa ya njia ilikuwa imefunguliwa. Wengi wa wanaoshika misumeno ni wastaafu. Hali ya hewa inazidi kuwa kali, na mikono inazeeka. Njia inayotegemea kizazi kimoja na rangi moja itakosa watu siku itakapowahitaji zaidi.

Vilabu vingine vimeelewa hilo. Nenda Bear Mountain, jimbo la New York, mahali ambapo kipande cha kwanza kabisa cha Njia ya Appalachia kilifunguliwa mwaka 1923. Ni safari fupi kutoka jiji la New York, na siku za Jumapili uwanja wa kando ya ziwa hujaa familia za jiji. Moshi wa nyama choma unapanda, muziki wa Kilatini unapigwa, akina bibi wamekaa kwenye viti vya kukunja, watoto wanapiga mpira. Njia inapita katikati ya hayo yote, inaingia hata ndani ya bustani ndogo ya wanyama, na hapo ndipo ilipo chini kuliko mahali pengine popote, takriban mita 38 tu juu ya bahari. Miguu ya watu wote hao ilikuwa imeula mlima hadi kwenye mwamba. Vilabu vingeweza kulalamika kwamba umati unaharibu. Badala yake vilianza mwaka 2006 mradi wa kuijenga njia upya, vikawafundisha watu wa kujitolea uchongaji wa mawe, na wao wakapanga mamia ya ngazi za mawe ya itale, kila moja ikiwa na uzito wa mamia ya kilo. Karibu na kilele waliweka kipande kinachopitika kwa kiti cha magurudumu. Kutoka huko juu, siku isiyo na ukungu, unaona majengo ya Manhattan kama meno ya msumeno. Nimepita njia nyingi nzuri, na sijaona ukarimu mkubwa kuliko ule: badala ya kuwapunguza watu, waliiimarisha njia ili iwabebe.

Vivyo hivyo kule Pawling, kaskazini kidogo ya hapo, treni ya abiria kutoka New York inasimama mwishoni mwa wiki kwenye kituo kidogo cha mbao kinachoitwa kwa jina la njia yenyewe, na asiye na gari anashuka na kuanza kutembea. Kule Killington, Vermont, kuna daraja refu la mbao juu ya tope linalompeleka mwenye kiti cha magurudumu hadi karibu na maporomoko ya maji. Tangu mwaka 2010 miji na kaunti za kando ya njia hutambuliwa rasmi kuwa jamii za njia, na nyingi kati yake hunufaika na wageni wenye mabegi mgongoni wanaokuja kula, kulala na kununua viatu vipya. Kituo cha treni, ngazi, ubao, kitanda: mwaliko una umbo, na umbo hilo hujengwa na mtu.

Mwisho wa kaskazini ni Katahdin, mita 1,606, mlima wa mawe matupu unaosimama peke yake juu ya maziwa na misitu ya Maine. Gavana wa zamani Percival Baxter aliununua kwa fedha zake na kuanzia mwaka 1931 akawa anawakabidhi watu wa Maine ardhi hiyo kipande baada ya kipande. Lakini Wapenobscot waliuheshimu mlima huo tangu kale, na kila mwaka baadhi yao husafiri kutoka kisiwa chao cha Indian Island hadi chini yake, takriban kilomita 160, kwa kukimbia, kutembea na kupiga makasia, kwa sala. Anayefika Katahdin baada ya miezi ya kutembea kutoka Georgia analia, anakumbatia kibao cha mbao, anapigwa picha. Ana haki ya kufurahi. Akumbuke tu kwamba amewasili kwenye mlima ambao una watu wake.

Nilirudi Harpers Ferry kabla ya kuondoka, kwa sababu mji huo unabeba swali lote. Mwaka 1859 John Brown na wenzake 21, watano kati yao wakiwa weusi, walivamia ghala la silaha hapa wakitaka kuwasha moto wa kuukomesha utumwa. Walishindwa, Brown akanyongwa, na miaka miwili haikupita kabla ya nchi kuingia vitani. Mwaka 1867, juu ya kilima cha mji huohuo, kilianzishwa chuo cha Storer kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Mwezi Agosti 1906 W.E.B. Du Bois na wenzake wa Vuguvugu la Niagara walikutana chuoni hapo kudai haki kamili za uraia, na alfajiri moja walitembea kimya, viatu wamevivua, hadi kwenye ngome ndogo ya John Brown. Katika miaka ya 1920 mmoja wa wanafunzi wa Storer alikuwa kijana wa Kinigeria, Nnamdi Azikiwe, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa nchi yake. Chuo kilifungwa mwaka 1955, lakini majengo yake yamebaki, na ofisi ya shirika la njia iko umbali mfupi tu kutoka hapo. Humo kuna albamu za picha za watembezi wa njia nzima, zilizokusanywa tangu mwaka 1979. Nilizifungua ukurasa baada ya ukurasa. Nyuso ni nzuri, zimechoka, zimechomwa na jua, zina furaha. Zinazofanana na za waliotembea bila viatu mwaka 1906 ni chache. Zinaongezeka, lakini ni chache.

Kwa hiyo nawageukia wasomaji wa Kiswahili walio huko. Wako wengi karibu na njia hii: Wakongo wa Roanoke, Harrisonburg na Charlottesville, Watanzania na Wakenya wa Maryland na viunga vya Washington, familia zetu za New Hampshire na Maine. Njia yenyewe haina ada, ingawa baadhi ya hifadhi inazozipita zina kiingilio au kibali cha kulala. Harpers Ferry panafikika kwa treni kutoka Washington. Mwanzoni mwa safari huhitaji zaidi ya viatu imara, maji, koti la mvua na mtu wa kwenda naye. Usingoje basi la kanisa: liazime wewe, uwapeleke akina mama. Ukiipenda njia, andikisha jina lako kwa klabu ya eneo lako. Zana watakupa, na kazi ya jembe wengi wetu tuliijua kabla ya kujua kusoma.

Na nawageukia wenye vilabu na wanaopanga njia, kule Marekani na huku kwetu, kuanzia Usambara hadi miteremko ya Kilimanjaro. Msifungue njia kisha mkashangaa kwa nini watu hawaji kuilinda. Waulizeni waliohamishwa, waliobaguliwa, wenye majina ya asili ya milima, wasio na magari na wasiotembea kwa miguu, na muwaulize kabla ramani haijachorwa. Njia ya Appalachia imedumu miaka mia moja kwa sababu watu wengi waliikubali kuwa yao. Ili idumu mia nyingine, mbiu ipigwe kwa kila kaya.